Nyumba Tisa Zilizohesabiwa Kinyume

Ujumbe uliingia kwenye simu ya Mama Vifungo mdomo wake ukiwa umejaa pini. Alikuwa amepiga magoti mbele ya msichana mmoja, mteja wake, anapima pindo la gauni la harusi, na kwa kuwa hakuweza kusema kitu, alimwashiria yule msichana amsomee.

"Ofisi ya Ardhi," msichana akasoma. "Tumepokea ombi la kuhamisha umiliki wa kiwanja chako namba moja. Kama hukubaliani na ombi hili, fika ofisini kabla ya mwisho wa wiki. Usipofika, ombi litaendelea."

Mama Vifungo akazitema pini kwenye kiganja. "Futa."

"Lakini mama..."

"Futa, mwanangu. Wiki iliyopita niliambiwa nimeshinda gari. Juzi mtu kanipigia analia, ati yeye ni binti yangu, kavunjika mguu, na binti yangu amekaa hapo mbele yangu anakula. Leo wanauza nyumba yangu. Kesho wataniozesha."

Msichana alicheka mpaka pindo likapotea, ikabidi lipimwe upya. Ujumbe ukafutwa. Cherehani ikaanza tena kulia barazani, na Mama Vifungo akaendelea na kazi yake huku anaguna mwenyewe, maana matapeli wa siku hizi wana ubunifu, hilo lazima alikubali.

Ilikuwa baada ya chakula cha mchana, anakata uzi kwa meno, ndipo alipoganda. Namba moja. Hao matapeli wameijuaje namba ya kiwanja?

Nyumba yake ilikuwa ya kwanza unapotoka barabara kuu, katika njia yenye nyumba tisa zilizopangana upande mmoja. Yeye na marehemu mumewe walipewa kiwanja hicho kingali kichaka. Mume alipofariki, hati ikahamishiwa jina lake, na aliyehangaika naye kwenye madirisha yote ya ofisi alikuwa mdogo wake marehemu, fundi bomba, shemeji yake. Hivi karibuni watu wa serikali walikuwa wamepita nyumba kwa nyumba wakichukua namba za simu za wenye hati, wakisema makaratasi yote yanaingizwa kwenye kompyuta. Mama Vifungo aliwapa namba yake, akawapa na maji ya kunywa, akayasahau.

Lakini sasa alikumbuka jambo jingine. Majuzi tu shemeji alikuja, akaomba kuiona ile hati, akaipiga picha kwa simu. Alipoulizwa ya nini, alijibu, "Nataka tu kuona mfano."

Mfano! Damu ikampanda. Alivua miwani, akafunika cherehani, akatoka na futi ya kupimia ikiwa bado inaning'inia shingoni.

Hakwenda mbali. Shemeji alikuwa palepale kwenye njia, mbele ya nyumba ya katikati, nyumba ya kinyozi, amezama kwenye shimo mpaka kifuani anatafuta bomba lililopasuka. Kinyozi mwenyewe alikuwa kibandani kwake ananyoa, na wateja watatu wanangoja kwenye benchi.

"Shemeji, toka huko shimoni."

"Ngoja nikaze hapa kidogo, shemeji, maji yatanizidi."

"Yakuzidi! Nyumba yangu umemuuzia nani?"

Mashine ya kinyozi ikazimwa. Mteja aliyekuwa kwenye kiti, nusu ya kichwa nyeupe na nusu nyeusi, akageuka na kitambaa chake shingoni. Shemeji akainuka taratibu, tope mpaka kwenye viwiko.

"Nyumba ipi?"

"Ya kaka yako! Ile uliyokuja kuipigia picha hati yake. Nimeletewa ujumbe na ofisi, kuna mtu anahamisha umiliki. Nani mwingine anayo hiyo hati? Mimi, na wewe kwenye simu yako."

"Shemeji, mimi hati yangu wamekosea herufi moja ya jina. Nilitaka kuona ya kwenu iliandikwaje, ili..."

"Ili! Marehemu angekuwa hai ungethubutu?"

Hilo lilipotoka, hata yeye alilisikia. Shemeji akainama, akachota maji ya tope yaliyokuwa yanabubujika miguuni pake, akanawa mikono polepole kama mtu anayejiandaa kula.

"Ofisi bado iko wazi?" akauliza.

"Nadhani."

"Basi twende sasa hivi. Kama kuna mtu anauza nyumba ya kaka yangu, na mimi nataka nimwone sura."

Walikwenda, Mama Vifungo mbele, shemeji nyuma. Alikuwa amejiandaa kwa makelele. Alijua angejibu nini kama shemeji angekana, kama angeapa, kama angekuja juu. Lakini mtu anayekufuata kimyakimya akiwa na tope kwenye suruali, huyo unamjibu nini?

Ofisi ya Ardhi ilikuwa imewekwa milango mipya ya vioo, bado ina karatasi za kiwandani pembeni. Ndani kulikuwa na mashine ya kutoa namba za foleni, ila ilikuwa imeishiwa karatasi, kwa hiyo mlinzi alikaa kando yake na kalamu akiandika namba kwenye vipande vya boksi. Upande mmoja, mlango wa chumba ulikuwa wazi, na humo vijana waliovaa barakoa walikuwa wanatoa mafaili ya zamani kwenye toroli, wanayapitisha moja moja chini ya taa ya mashine, wanapiga chafya. Mara mbili mtandao ulikatika na ukumbi mzima ukaguna kwa pamoja kama watu walio kwenye mechi. Mara mbili ukarudi.

Zamu yao ilipofika, karani wa dirishani, bwana mpole aliyekuwa ameipandisha miwani yake kwenye paji la uso, alisikiliza, akabofya, akageuza kioo cha kompyuta ili waone.

"Hili hapa ombi, mama. Kiwanja namba moja. Mnunuzi ni mfanyabiashara wa magodoro."

"Na anayeuza?"

Karani akasoma jina. Mama Vifungo na shemeji yake wakageukiana kwa mara ya kwanza tangu watoke nyumbani. Lilikuwa jina la Nesi.

Nesi alikaa nyumba ya mwisho, juu kabisa, karibu na tangi la maji. Hakuna mtoto katika njia ile ambaye hakuwahi kuchomwa sindano na Nesi. Marehemu alipougua, ni Nesi aliyekuwa akija kila asubuhi kumgeuza na kumsafisha. Na kila mtu alijua kwamba amestaafu, anauza nyumba yake ili akaishi karibu na wajukuu.

"Nesi anauza yake," Mama Vifungo akasema. "Hawezi kuuza yangu."

"Ngoja tuone picha," akasema karani, akabofya tena.

Njia yao ikatokea, imepigwa picha kutoka angani. Nyumba tisa zilipangana kama visanduku vya kiberiti. Mama Vifungo alikuwa hajawahi kujiona kutoka juu. Shemeji akanyoosha kidole chenye tope. "Hii hapa. Turubai lako la kijani la barazani si hili?"

Lilikuwa lenyewe. Karani akaligusa. Kwenye kioo kukaandikwa: namba tisa. Na chini yake, jina la Nesi.

"Gusa ile ya kwenye tangi," shemeji akasema.

Karani akaigusa. Namba moja. Mama Vifungo aliliona jina lake kamili, herufi kwa herufi, juu ya paa la Nesi.

"Gusa ya kinyozi, hii ya katikati."

Namba tano. Kinyozi.

"Afadhali huyo yuko kwake," shemeji akanong'ona.

Karani aliishusha miwani machoni, akatazama upya, kisha akasema, "Nisubirini kidogo." Alirudi na mpima ardhi, mama wa makamo mwenye mabuti na kofia iliyoning'inia mgongoni. Mpima aliinama kwenye kioo, akacheka kidogo, halafu alipoziona nyuso zao akaacha kucheka.

"Mama, pole," akasema. "Hakuna aliyekuibia. Waliochora ramani zamani hizo walianza kuhesabu kwenye tangi. Waliogawa viwanja wakaanza kuhesabu barabarani. Ramani ikakaa kabatini, nyinyi mkakaa majumbani, na ramani na hati hazijawahi kukutanishwa mpaka tulipoziingiza humu. Nesi alipotaka kuuza, mwenzangu alikwenda akapima alipo, mfumo ukasema hapa ni namba moja, ukamtafuta mwenye namba moja. Ukakupata wewe."

"Kwa hiyo nyumba yangu ni ya nani?"

"Kwa ramani, ya Nesi."

"Na ya Nesi yangu?"

"Kwa ramani, ndiyo."

Mama Vifungo akashika ukingo wa dirisha. Kiti kikafika nyuma yake kabla hajakitafuta. Shemeji ndiye aliyekivuta. "Kaa, shemeji. Kaa kwanza." Mkono wake ulikuwa bado na tope, na alikuwa anauweka mbali na nguo yake asimchafue. Mama Vifungo alitaka kusema neno hapohapo, akaishia kuitikia kwa kichwa.

"Hili linatengenezeka," mpima aliendelea. "Nitakuja nipime upya. Wote tisa mkutane, kila mmoja akiri mwenzake anakaa wapi, muweke vidole, tunarekebisha. Hamna haja ya mahakama."

"Na mmoja akikataa?" akauliza shemeji.

"Hapo ndipo mahakama inapoingia. Na kesi ikiingia, hakuna wa kuuza, hakuna wa kurithisha, mpaka iishe."

Walitoka nje wakiwa na fikira moja, na shemeji ndiye aliyeitamka. "Bwana Kuku."

Bwana Kuku alikaa nyumba ya pili kutoka barabarani: vyumba viwili, bati limekandamizwa kwa mawe, na kuku wasio na idadi. Sasa ukihesabu kinyume, wa pili anakuwa wa nane. Na nyumba ya nane ilikuwa ghorofa, ghorofa pekee katika njia nzima, ya Mama Ghorofa, mwanamke aliyekuwa amegombana na Bwana Kuku kwa miaka mingi kwa sababu ya mavi ya kuku kwenye ngazi zake. Aliwahi kumpeleka kwa mjumbe. Aliwahi kumwambia mbele ya watu kwamba anaishi kama kuku wenyewe. Kama Bwana Kuku angeamua kuiamini ramani, nani angemlaumu?

Habari ilipanda njia ile kwa kasi kuliko wao walivyotembea. Nesi alitoka nje analia, maana mizigo alishafunga, na sasa hajui anauza nini. Muuza magodoro alipiga simu kuuliza kama amenunua baraza la cherehani. Kinyozi, ambaye namba yake ni tano ukitoka juu na ni tano ukitoka chini, alifurahi kupita kiasi, akawa anamwambia kila aliyepita, "Karibu mgeni, mwenyeji ni mimi peke yangu." Mama Ghorofa alijifungia ndani, kisha akamtuma mtu ampelekee Bwana Kuku trei ya mayai kama ishara ya amani, akasahau kwamba mayai ndiyo biashara ya mwenzake.

Bwana Kuku aliyapokea. Hakusema lolote. Hilo ndilo lililowatisha.

Siku aliyokuja mpima, njia nzima ilishinda nje. Alisimamisha chombo chake juu ya stendi ya miguu mitatu, kitu kama uyoga mweupe, akaeleza kwamba kinazungumza na setilaiti na kinajua mahali kiliposimama bila kukosea zaidi ya upana wa vidole viwili. Alikwenda kona kwa kona. Mawe ya zamani ya mipaka mengine yalikuwa yamefukiwa, na shemeji alichukua jembe lake akayafukua, moja baada ya jingine, bila kuombwa. Mama Vifungo alimtazama kutoka barazani. Alimpelekea maji. Alisema, "Shemeji," na shemeji akasema, "Asante," akanywa, akarejea kwenye jembe.

Mchana wakakusanyika kwenye kibanda cha kinyozi. Mpima alitoa kishikwambi chenye kioo cha kugusa na kidude cha kusomea vidole, akasoma kwa sauti nani anakaa wapi, na wote wakaitikia. Nesi akaweka kidole, kikasomwa. Wengine wakafuata. Ilipofika zamu ya Mama Vifungo, kidude kikakataa. Akafuta kidole kwenye gauni, kikakataa tena.

"Vidole vya mafundi nguo," mpima akasema. "Sindano imevimaliza."

Akajaribu cha pili, akajaribu cha tatu. Kijasho kikamtoka, alijiona anakosa nyumba kwa sababu ya kushona.

"Weka kidole cha mwisho," shemeji akasema kutoka nyuma. "Hicho hakijawahi kufanya kazi."

Watu wakaangua kicheko, na kidude kikalia. Kimesoma. Mama Vifungo alibaki ameshika kile kidole chake kidogo kama mtu aliyevishwa pete.

Mama Ghorofa akaweka kidole chake haraka haraka. Akabaki Bwana Kuku peke yake.

Alikuja mbele na kofia mkononi. Alikitazama kishikwambi, akawatazama majirani, akasema, "Kabla sijaweka kidole, naomba nikaione nyumba yangu."

Hapakuwa na mtu wa kuuliza ipi. Mama Ghorofa alifungua mdomo, mpima akamtazama, akaufunga. Wakapanda wote mpaka nyumba ya nane. Mlango ukafunguliwa. Bwana Kuku akavua viatu vyake mlangoni, jambo ambalo hakuna aliyelitegemea, akaingia, na wao wakabaki nje wanasikiliza nyayo zake zinapanda ngazi, zinasimama, zinapanda tena. Akatokea juu kwenye roshani. Alishika vyuma, akaitazama njia yote mpaka barabarani, akaitazama na bati lake lenye mawe. Alisimama pale kwa muda mrefu mno. Nesi alianza kusali kwa sauti ya chini. Mama Ghorofa alikuwa amebana kanga yake mdomoni.

Aliposhuka, alikuwa anahema.

"Ngazi nyingi," akasema. "Magoti yangu hayaziwezi."

Bwana Kuku akakaa kwenye kizingiti avae viatu, na alipoongea tena alikuwa haongei nao hasa.

"Nyumba yangu tofali zake nilifyatua mwenyewe. Mke wangu alikuwa ananisogezea udongo, ana mimba ya wa kwanza, namkataza hasikii. Kila tofali nalijua. Sasa nyumba ya mtu mwingine, hata iwe na roshani, mimi naifanyia nini?" Akasimama. "Leteni hicho kidude."

Akaweka kidole. Kikalia mara moja.

Pumzi iliyotoka hapo ungeweza kupulizia moto wa mkaa. Nesi alimkumbatia Bwana Kuku, kofia ikaanguka. Kinyozi alitangaza kwamba sasa wote wamerudi makwao na yeye amewachoka tayari. Mama Ghorofa alisogea, akasimama mbele ya Bwana Kuku, akasema kwa shida, "Kuku wako... sitawarushia mawe tena."

"Hata wakipanda ngazi?"

"Wakipanda..." Akameza mate. "Nitawashusha taratibu."

Mpima alikuwa anafunga vitu vyake. Watu walitaka kutawanyika, na Mama Vifungo akajua kwamba wakitawanyika, neno lake litakuwa gumu zaidi kesho.

"Jamani, ngojeni," akasema. "Juzi nilisimama mbele yenu nikamtukana shemeji yangu. Mlisikia wote. Sasa sikieni na hili. Sikuibiwa, na yeye hakuiba. Tangu kaka yake afe, sijawahi kubeba mzigo peke yangu, kwa sababu yake yeye. Shemeji, nisamehe."

Shemeji alikuwa anafuta jembe kwa majani. Aliendelea kulifuta hata baada ya kuwa safi.

"Kitu kimoja kiliniuma," akasema. "Mabomba ya nyumba ile niliyafunga mimi, nikiwa ndiyo kwanza najifunza kazi. Yanavuja yote, hakuna anayeujua ubovu wake kama mimi. Sasa shemeji, kweli ulidhani nikiamua kuiba nyumba, nitaiba ile?"

Mama Vifungo alicheka, na katikati ya kicheko machozi yakaja, na hakujisumbua kuyafuta. Shemeji naye macho yake hayakuwa makavu. Akambebea mpaka nyumbani kiti alichokuja nacho mkutanoni.

Marekebisho yalikamilika bila kelele. Karani wa dirishani alipokuwa anahakiki majina, shemeji alimwonyesha na hati yake, naye akaitengeneza ile herufi iliyokosewa, palepale, kwa kubofya mara moja, na shemeji aliyekuwa ameisumbukia muda wote huo akabaki anamtazama. "Ndiyo imekwisha?" akauliza. "Imekwisha," karani akajibu. Nesi aliuza nyumba yake yenyewe, na siku ya kuhama njia nzima ilimbebea mizigo mpaka barabarani.

Alipoondoka, Mama Vifungo alirudi kwake. Aliizunguka nyumba peku, ukuta hadi ukuta, akang'oa magugu mawili matatu yaliyoota kwenye jiwe la mpaka. Kisha akaingia ndani, akatandika mkeka sakafuni penye ubaridi na kujilaza, jua lingali juu. Mteja mmoja alifika barazani, akabisha hodi, akabisha tena, akachungulia. Alisikia koromo linatoka ndani, koromo la mtu asiyedaiwa wala kudai, akaweka kitambaa chake cha kushonwa juu ya cherehani na kuondoka kwa kunyata.